Pointi 14 Zisizolingana: Udahili wa Shahada ya Kwanza Tanzania Unavyoamuliwa

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, swali la kwanza kuulizwa nyumbani ni lile lile: amepata divisheni gani? Jibu lake huleta vigelegele au ukimya. Hata hivyo, kwa kijana anayetaka kuingia chuo kikuu, divisheni inasema machache sana kuliko watu wanavyodhani. Tuchukue watahiniwa wawili wa tahasusi ya Historia, Jiografia na Uchumi, ile inayojulikana kwa herufi HGE. Wote wawili wana daraja la tatu na wote wana pointi 14. Wa kwanza, mvulana, amepata B ya Historia, E ya Jiografia na F ya Uchumi. Wa pili, msichana, amepata D ya Historia, E ya Jiografia na E ya Uchumi. Majirani watasema wako sawa, na wengine watampa afadhali msichana kwa kuwa hakufeli somo hata moja. Katika udahili wa shahada ya kwanza, mvulana ana sifa ya chini ya kitaifa na msichana hana.

Nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha sita kwa miaka mingi, na sijaona jambo linaloumiza familia zaidi ya kuligundua hili baada ya sherehe. Chanzo cha mkanganyiko ni neno moja, pointi, ambalo linabeba vipimo viwili vinavyokwenda kinyume.

Kipimo cha kwanza ni cha Baraza la Mitihani. Humo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi za masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa, kisha jumla hiyo ndiyo inayompa mtahiniwa daraja: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne. Kadiri pointi zinavyopungua ndivyo ufaulu unavyopanda. Kipimo cha pili ni cha udahili, kinachowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kwa waliohitimu kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni 0.5. Hapa mwenye pointi nyingi ndiye aliye juu. Sharti la chini la kitaifa ni mtahiniwa awe na ufaulu wa A hadi E, ambao walimu na wanafunzi huuita prinsipo, katika masomo mawili yanayotambuliwa na programu anayoiomba, na jumla ya pointi za masomo hayo mawili isipungue 4.0.

Turudi kwa vijana wetu. B na E za mvulana zinampa pointi 4 na 1, jumla 5. D na E za msichana zinampa 2 na 1, jumla 3. Mtu atauliza kwa nini ile E yake ya tatu isiongezwe ili afike 4. Kanuni inahesabu masomo mawili tu, na somo la tatu, hata liwe limefaulu, haliwezi kuziba upungufu wa hayo mawili. Mantiki yake inaeleweka: chuo kinataka kuona uwezo uliojikita katika masomo yatakayoendelezwa kule mbele. Ni mantiki ambayo ingepaswa kuelezwa shuleni tangu kidato cha tano, si kugunduliwa baada ya matokeo.

TCU yenyewe ilianzishwa mwaka 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu, ikachukua nafasi ya baraza la ithibati lililokuwapo tangu miaka ya 1990. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume, na mwombaji alipanga machaguo yake mahali pamoja. Mfumo huo ulisitishwa mwaka 2017, na tangu hapo mwombaji anaomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Tume imebaki na kazi ya kuweka sifa za chini, kuidhinisha programu, kupanga ratiba ya udahili, na kuhakiki majina ambayo vyuo vimeyachagua. Kwa sababu hiyo mwombaji anakutana na mamlaka mbili kwa wakati mmoja: Tume inayosema nani anaruhusiwa kuomba, na chuo kinachosema nani kati ya walioruhusiwa atachukuliwa.

Uidhinishaji huo si jambo la makaratasi tu. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya baada ya ukaguzi wa ubora, na waliokuwa wamejipanga kuviomba walilazimika kutafuta pengine. Ndiyo maana tangazo la chuo lililobandikwa ukutani au lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp halitoshi. Programu lazima ionekane katika mwongozo wa udahili wa mwaka husika, ambao Tume huutoa katika vitabu viwili: kimoja cha wenye matokeo ya kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada na sifa zinazolingana nayo. Nimeona mwenye stashahada akisoma kitabu kisicho chake mwezi mzima.

Katika mwongozo huo kila programu ina mstari wake, na mstari huo ndio wenye uzito kuliko yote niliyoyasema hadi sasa. Sifa ya chini ya kitaifa inamruhusu mtu kusimama mlangoni, lakini kila programu ina mlango wake. Mvulana wetu mwenye pointi 5 akiitaka programu inayodai prinsipo ya Uchumi, F yake inamzuia hata kama pointi za Historia na Jiografia zinatosha. Akiutaka ualimu wa masomo ya Historia na Jiografia, pointi zile zile 5 zinamtosha kuomba. Kwa upande wa sayansi, shahada ya udaktari wa binadamu inataka prinsipo katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na miongozo ya miaka ya karibuni imedai jumla isiyopungua pointi 6. Hapo kanuni ya masomo mawili inakuwa kizingiti cha chini tu. Uhandisi kwa kawaida hutazama Hisabati ya Juu na Fizikia kabla ya kutazama kingine chochote. Masomo ya ziada, yaani GS (General Studies, maarifa ya jumla) na BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati ya msingi), hayahesabiwi kuwa prinsipo hata mtahiniwa apate alama gani.

Lakini BAM ina kazi yake, na hapa wengi hujikwaa. Programu nyingi za biashara, uhasibu na uchumi zina sentensi inayofuata baada ya prinsipo mbili: kama mojawapo ya prinsipo si Hisabati ya Juu, mwombaji awe na angalau S katika BAM, au awe na ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne, mara nyingi D. Mwanafunzi wa HGE hasomi Hisabati ya Juu. Kwa hiyo yule aliyeipuuza BAM kwa kuwa haimo katika hesabu ya divisheni, na ambaye alipata F ya Hisabati kidato cha nne, anaweza kuwa na A ya Uchumi na B ya Jiografia na bado mfumo ukaikataa programu ya biashara aliyoiomba. Cheti cha kidato cha nne, ambacho alidhani kimeshamaliza kazi, kimemfuata hadi mlangoni. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wa kidato cha tano waichukulie BAM kama somo la nne la tahasusi, na kila mwaka wapo wanaonikumbuka baada ya mtihani.

Ipo pia tofauti ya maana ya herufi. D ya kidato cha nne ni alama 30 hadi 44 kwa mia. D ya kidato cha sita ni 50 hadi 59, na alama 40 hadi 49 ndizo zinazoitwa E. Mzazi anayelinganisha vyeti viwili vya mtoto mmoja anaweza kudhani ameshuka kumbe amepanda. Vilevile mwaka wa mtihani unabadili hesabu. Waliohitimu mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa mfumo uliokuwa na B+, ambamo kwa udahili A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Mtu aliyemaliza mwaka 2015 akiwa na C mbili ana pointi 4.0 kamili, ilhali mdogo wake aliyemaliza 2018 akiwa na C mbili ana pointi 6. Anayerudi kuomba baada ya miaka mingi kazini lazima asome kifungu cha mwaka wake, si cha mwaka wa wadogo zake.

Hadi hapa tumezungumzia sifa. Kuchaguliwa ni jambo jingine, na maneno haya mawili hayapaswi kuchanganywa. Mwongozo unaonyesha idadi ya nafasi za kila programu. Tuseme programu ina nafasi 60 na wenye sifa walioiomba ni 900. Chuo kitaanza na wenye pointi nyingi na kushuka hadi nafasi ziishe, na yule wa mwisho kuingia anaweza kuwa na pointi 8 huku mwongozo ukisema pointi 4 zinatosha. Mpaka huo halisi haujaandikwa popote kabla ya udahili, kwa kuwa unategemea nani ameomba mwaka huo. Kwa hiyo mwombaji mwenye pointi 5 anayejaza udaktari, famasi na sheria katika vyuo vikubwa peke yake hajavunja kanuni yoyote, ila ameomba ambapo hana nafasi. Busara ni kuwa na chaguo moja la kutamani, na mengine ambayo ufaulu wake unaweza kuyashindania kweli.

Njia ya pili ya kuingia chuo kikuu ni stashahada, na naomba isitazamwe kama njia ya walioshindwa. Fundi sanifu, muuguzi, mwalimu wa shule ya msingi na karani wa mahakama wote wanaweza kupitia hapa, na mara nyingi wanafika darasani wakiijua kazi kuliko wenzao. Sharti la jumla lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ufaulu wa angalau D nne katika kidato cha nne, au cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya tatu kwa asiyefikisha D nne. Ya pili ni ubora wa stashahada yenyewe: GPA, yaani wastani wa ufaulu wa masomo yote, isiyopungua 3.0 kwa stashahada ya kawaida ya ngazi ya sita, wastani wa C kwa wenye cheti kamili cha ufundi sanifu cha zamani, wastani wa B kwa stashahada ya ualimu. Baada ya hapo programu huongeza masharti yake. Mwenye stashahada ya utabibu anayetaka udaktari, kwa mfano, hutakiwa kuonyesha ufaulu wa kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Mwenye stashahada ana kazi moja zaidi ambayo mwenzake wa kidato cha sita hana. Matokeo ya kidato cha sita mfumo wa chuo huyavuta wenyewe kwa namba ya mtihani. Matokeo ya stashahada hayaonekani mpaka mwombaji apate namba ya uhakiki wa tuzo, inayojulikana kama AVN, kutoka Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Namba hiyo hutolewa baada ya chuo alichosoma kuwasilisha matokeo yake. Chuo kikichelewa kuyawasilisha, mwombaji anakaa na cheti chake mkononi huku dirisha la udahili likifungwa. Ushauri wangu kwa anayemaliza stashahada mwezi Juni au Julai ni kuulizia ofisi ya taaluma ya chuo chake, kwa upole lakini bila kuchoka, matokeo yanawasilishwa lini, na asisubiri mahafali.

Walio nje ya njia hizi mbili hawajafungiwa kabisa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina programu ya msingi kwa wenye ufaulu pungufu. Anayeimaliza kwa GPA ya 3.0, pamoja na C tatu katika masomo ya kundi lake, anaweza kuomba shahada iwapo pia ana angalau pointi 1.5 za kidato cha sita katika masomo mawili, au stashahada yenye GPA ya 2.0, au cheti cha ngazi ya tano ya ufundi. Ipo pia tathmini ya ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambayo humpima mtu mzima kwa mtihani na kwa ushahidi wa kazi alizokwisha kuzifanya. Wazo hili lina mizizi nchini: Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, kisha waombe chuo kikuu wakiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, kwanza kwa wasichana, ambao idadi yao chuoni ilikuwa imeshuka.

Aliyesoma sekondari nje ya Tanzania, awe ametoka Nairobi, Bujumbura au Muscat, hatumii pointi nilizozieleza hadi cheti chake kilinganishwe na Baraza la Mitihani. Kazi hiyo ifanyike kabla dirisha halijafunguliwa.

Nifike sasa kwenye dirisha lenyewe, ambapo nafasi nyingi hupotea bila sababu ya kitaaluma. Maombi hupokelewa kwa awamu. Awamu ya kwanza ndiyo yenye nafasi zote. Awamu zinazofuata hubeba zilizobaki tu, na programu zenye ushindani kwa kawaida hujaa mapema. Kwa kuwa mtu anaomba vyuo kadhaa, anaweza kuchaguliwa zaidi ya mara moja, na hapo Tume humtaka athibitishe chuo kimoja ndani ya siku zilizotajwa, kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi au kwa barua pepe. Asipothibitisha, nafasi zote mbili ziko hatarini.

Mwaka mmoja nilimsindikiza msichana niliyemfundisha hadi steshenari aliyojazia maombi. Alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili, na zilikuwa zimebaki siku mbili. Ujumbe wa namba ya siri ulikuwa umekwenda kwenye simu ya kijana wa dukani, ambaye tangu Julai alikuwa ameshabadilisha laini. Mtu ambaye ujumbe haujamfikia anaweza kuingia katika akaunti yake ya chuo na kuomba utumwe tena. Lakini nywila ya akaunti ilikuwa imeandikwa nyuma ya daftari la madeni la duka, na ukurasa ule ulikuwa umechanwa. Tulitumia siku zile mbili kupiga simu chuoni hadi namba ikabadilishwa, akathibitisha saa chache kabla ya muda kwisha. Hakuna aliyemtendea ubaya. Kijana wa dukani alikuwa anamsaidia. Steshenari ni msaada mkubwa kwa asiye na kompyuta, ila namba ya simu, barua pepe na nywila viwe vya mwombaji mwenyewe, vimeandikwa katika daftari lake mwenyewe.

Mkopo ni mlolongo mwingine unaokwenda sambamba na huu, na kupata kimoja si kupata kingine. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea maombi yake kwa ratiba yake, ikidai pamoja na mengine cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwa Bara, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa Visiwani. Kiungo kati ya mifumo hii miwili ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja, na akiomba udahili kwa hii na mkopo kwa ile, mifumo inamwona kuwa watu wawili: mmoja aliyedahiliwa bila mkopo, mwingine mwenye maombi ya mkopo asiye na chuo.

Na yule msichana wa D, E na E? Pointi zake 3 zinavuka zile 1.5 zinazotakiwa, kwa hiyo programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria iko wazi kwake mwaka huu huu. Anaweza pia kusoma stashahada, akaitafutia GPA ya 3.0, akarudi na kitabu cha pili cha mwongozo mkononi. Au anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akilenga D mbili katika Historia na Jiografia, ambazo zitampa pointi 4.0 kamili na haki ya kuomba ualimu ule ule ambao mvulana wa B, E na F anaujaza leo.